Mara Saba, Moja kwa Udongo

Swabra mwanangu,

Usinicheke kwa kukuandikia barua na simu ninayo. Kwenye simu huwa nazunguka, nauliza umekula nini, halafu lile nililotaka kusema linarudi lilikotoka. Sasa ni alasiri. Umevuka Likoni kumuaga nyanyako, mama wa babako, na kwa foleni ya feri ninavyoijua, hutarudi kabla ya magharibi. Kesho asubuhi unapanda treni kwenda chuo kikuu. Nimekaa mbele ya cherehani, kanzu ya watu imelala imeshonwa nusu, na Kashata yuko nje chini ya dirisha, anangoja mashine ilie.

Mambo ya blanketi na ya kula kwa wakati siyaandiki. Nimeyasema mpaka umeanza kuyaitikia kabla sijayamaliza, na yaliyobaki shangazi zako watayasema kesho pale stesheni.

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na nitaanza na hilo kabla sijapata njia ya kulikwepa. Jana Kashata aliniuma. Kile kidonda chini ya dole gumba, ulichonifunga kwa kitambaa huku ukinigombeza kwamba nashona bila miwani, hakikufanywa na sindano ya cherehani. Nilikudanganya. Ni jino la mbwa wako.

Hakuniuma kwa ubaya, hilo nalisema mbele ya Mungu. Ulikuwa umekwenda mjini kununua kufuli la begi. Yeye akaiona ndara yako moja mlangoni, akaichukua, akaanza kuzunguka nayo uani kwa furaha zake zile za kipumbavu. Nikasema ndara ya mtoto ya kusafiria hailiwi leo, nikaishika upande mmoja. Kwake huo ulikuwa mwaliko. Mwaka mzima na zaidi amenibembeleza tucheze, na leo mama mwenyewe amekubali. Akavuta, nikavuta, akaachia ili adake vizuri, akadaka pamoja na mkono wangu. Aliponiona nimeganda aliitema ndara miguuni pangu, akakaa chini kama ulivyomfundisha. Damu ilinichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Liko jingine, na hili ndilo baya zaidi. Unakumbuka watu wa mifugo walipokuja kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, nawe ulikuwa kwenye mitihani? Ulinipa kamba na kadi yake, ukaniambia ni hapo tu, mama, hata jasho hutatoka. Jioni nikakwambia tayari. Haikuwa tayari. Nilifika getini, akanivuta, nikamwona Mama Asha na wenzake wamekaa barazani, nikajiona nilivyo, na buibui langu, naburutwa na mbwa mchana kweupe. Nikarudi ndani nikamfunga. Kadi niliificha kabatini chini ya vitambaa vyeupe, na ulipoiuliza nikasema nimeiweka isipotee. Chanjo yake imepitwa na wakati kwa miezi. Na wiki mbili nyuma, msoma mita alipoacha geti wazi, si ndiye huyu aliyetoroka akarudi na sikio limechanika? Hatujui alikutana na nani huko.

Barua hii nilipanga kuitia ndani ya begi lako, katikati ya leso mbili, uione ukishafika. Ungelia, ungenipigia simu, lakini treni ingekuwa imeshakwenda. Nakujua wewe: nikikwambia leo utasema huendi. Na babako alishaapa tangu siku ya kwanza kwamba mbwa huyo akimtia jino mtu yeyote wa nyumba hii, anarudi alikotoka. Basi nikaona ninyamaze mpaka uondoke kwa amani. Ndivyo nilivyojiambia jana, na nilijiamini kabisa.

Nakumbuka alivyoingia hapa. Mbwa tulimtaka wa kulinda. Wezi waliporuka ukuta wetu hapa Utange wakaondoka na mtungi wa gesi na nguo za wateja wangu zikiwa bado kambani, babako alisema mbwa wa ulinzi hana ubaya, mradi akae nje na kila mtu ajue mpaka wake. Nilikubali kwa shingo upande. Wewe ukaenda kwenye kile kituo cha mbwa waliookotwa, upande wa Nyali, ukawaacha mbwa wote wenye sura za kazi, ukarudi na huyu. Rangi ya kashata ya nazi iliyoungua kidogo, sikio moja limesimama na moja limelala, na sifa yake kubwa ni kwamba nyumba mbili zilishamchukua zikamrudisha kwa kuwa hatulii. Babako alipouliza kama anabweka, ulitazama pembeni.

"Mama, akirudishwa mara ya tatu hapana mtu atakayemtaka tena," uliniambia.

Nikamtazama, naye akanitikisia mkia mpaka kiuno chote kikaenda upande. Wiki ileile msoma mita alipokuja, mlinzi wetu alimpokea kwa kumletea ndara ya babako mdomoni. Mwizi naye angeletewa ya pili.

Mipaka niliiweka mimi. Kizingiti cha jikoni asikivuke. Dera la kuchezea naye lisiwe la kuswalia. Kando ya mfereji wa maji wa uani nikaweka ndoo na mkebe wa udongo safi, ili akimlamba mtu mwili, ajitwahirishe kama tulivyofundishwa, mara saba, moja kwa udongo. Ulinitania kwamba nimefungua duka la udongo. Ulidhani ni ukali wa dini tu, nami nikakuacha udhani hivyo. Kwa mwaka mzima sikumgusa hata kwa ncha ya kidole. Lakini nilimzoea, na hilo sikumwambia mtu. Nikishona analala chini ya dirisha, mashine ikinyamaza anainua kichwa kuuliza kuna nini, nami nikawa namjibu. Mbwa huyo anajua siri za wateja wangu wote wanaokataa vipimo vyao wenyewe.

Jana nilipoumwa nilikwenda moja kwa moja kwenye mfereji. Nikachota udongo, nikasugua, nikaanza kumwaga maji nikihesabu kwa sauti. Nilipofika ya nne nikaisikia sauti yangu, nayo ilikuwa yangu mimi, Zainabu wa miaka kumi. Nikakaa palepale kwenye maji.

Mjomba wako Kassim unamjua kwa jina. Umeambiwa alikufa mdogo, kwa homa. Hivyo ndivyo tulivyoambiana sote, na anayejua zaidi ni mimi peke yangu. Hata babako hajui. Sasa utajua wewe.

Tulikuwa tunakaa Likoni. Kassim alikuwa na miaka saba, nami kazi yangu ilikuwa kumpeleka madrasa kila alasiri na kumrudisha. Njia zilikuwa mbili. Ya barabarani ilikuwa ndefu, na ya mkato ilipita nyuma ya shamba la mtu, penye jalala, na mbwa wasio na mwenyewe walikuwa hawakosekani pale. Mama alitukataza, na mama yangu alikuwa akikataza jambo mara moja. Siku hiyo tulichelewa kwa sababu yangu mimi, nilikuwa najitazama kwenye kioo na ushungi mpya. Nikamshika mkono tukapita njia ya mkato.

Mbwa alikuwa mmoja, mwembamba, wala hakubweka. Alitoka upande, akamuuma Kassim kwenye shavu la mguu, akaendelea na safari yake kana kwamba hatukuwa na maana. Kassim alilia. Mimi nikaona mambo mawili, fimbo ya mama na najisi. Kidonda sikukiona, mwanangu. Nilikitazama lakini sikukiona.

Somo la najisi ya mbwa nilikuwa nimelihifadhi kuliko wanafunzi wote. Mwalimu alinisifu kwa hilo mbele ya darasa. Basi nikampeleka kwenye kisima kilichokuwa karibu, nikateka maji, nikachota udongo, nikamwosha. Moja, mbili, tatu. Alikuwa akilia nami nahesabu. Sikuruka hata moja. Nilipomaliza ya saba moyo wangu ulitulia kabisa, nikajiona nimefanya jambo la kikubwa.

"Dada, bado pauma," akaniambia.

"Kumeshatwahirika," nikamjibu. "Kuuma kutakwisha. Na usimwambie mama, tutapigwa sote wawili."

Mwalimu hakukosea. Alitufundisha kujisafisha kwa ajili ya ibada, hakusema hata siku moja kwamba ile ni dawa. Aliyechanganya ni mimi, kwa kuwa kumwuliza mtu mzima kungemaanisha kusema tulipita wapi. Nyumbani nikasema amechomwa na miba. Kidonda kikapona vizuri, likabaki doa. Kassim akaitunza siri yetu kama mwanamume, na kila aliponitazama alikuwa akikonyeza.

Wiki kadhaa baadaye akaanza homa. Halafu akawa hataki maji. Mama alimletea kikombe, akapiga kelele akakisukuma, na koo lake likawa linakazana lenyewe. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anakasirikia maji kwa sababu ya yale ya kisimani, kwamba nilimmwagia mengi mno. Akapelekwa hospitali. Daktari akatoka, akauliza kama mtoto huyu aliumwa na mbwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika ndara zake.

"Wallahi hakuumwa," mama akasema. "Watoto wangu hawapiti penye mbwa." Akanigeukia. "Sivyo, Zainabu?"

"Ndivyo, mama."

Alifariki siku ya pili yake. Mpaka leo neno hilo la ndivyo sipendi kulitamka nikiwa nimesimama mlangoni.

Na haikuishia hapo. Palikuwa na jirani yetu, Bi Mwanakombo, mwanamke mpole aliyempenda Kassim sana. Siku chache kabla ya ugonjwa alimshika kidevu, akamtazama machoni, akasema mato ya mtoto huyu ni mazuri mno. Baada ya maziko mama alilikumbuka neno hilo. Akaamini ni kijicho. Akaacha kumwamkia, watu wakafuata, mpaka Bi Mwanakombo akahama mtaa akiwa hajui kosa lake. Nilimwona akipakia vyombo vyake kwenye mkokoteni. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumwokoa, nami nikaingia ndani nikajifanya nafagia. Mama yangu amekufa akimchukia mwanamke asiyemfanyia lolote.

Miaka mingi niliamini kwamba ningesema pale mlangoni Kassim angepona. Nilipokuwa na mimba yako, kliniki, kulikuwa na picha ya mbwa ukutani, nikamwuliza muuguzi kwa sauti ya mtu asiyejali. Akaniambia kichaa cha mbwa kikishaonekana kwa mtu ni vigumu mno kumrudisha, na kwamba siku ya kusema ni ileile ya kuumwa, mtu aoshe kwa maji mengi na sabuni na aende hospitali mara moja, achomwe sindano. Nilidhani nitafarijika kwamba sikumuua pale mlangoni. Badala yake nikaelewa kwamba nilikuwa nimepewa siku nyingi sana za kusema, na zote nilizitumia kunyamaza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Watu huisema methali hii kirahisi, wakimcheka mtu. Mimi nikiisikia natoka nje.

Sasa nikwambie kosa langu kwako, maana la Kassim lilikuwa la mtoto na hili ni la mtu mzima. Mwaka jana uliporwa simu pale kwenye kona ya duka la dawa, wakakuonyesha panga. Hukuniambia. Ulisema imeangukia chooni. Mama Asha ndiye aliyenieleza ukweli, naye alidhani najua. Na mimi, Swabra, nilifurahi. Nilifurahi kwamba hukuniambia, kwa sababu ungeniambia ningelazimika kuogopa mbele yako. Sikukuuliza kama ulilala usiku ule, wala kama walikugusa. Nilikupikia mahamri asubuhi nikaona nimekufariji.

Watu wenye hofu kama mimi hufichwa mambo. Nilikulea ukijua kwamba mama akisikia jambo baya atafunga mlango, atakunyima ruhusa, ataumwa kichwa siku tatu. Ukajifunza kunihurumia kwa kunidanganya. Ulipata hekima ileile niliyompa Kassim pale kisimani, tukinyamaza tutakuwa salama. Unakwenda mahali ambapo sitakuona, pana watu nisiowajua, na mtu akikufanyia ubaya huko utaniambia simu imeangukia chooni. Hilo linanitisha kuliko mkono wangu. Nimelifikiria tangu jana, na mkono ukiuma nashukuru kidogo kwa sababu unanisahaulisha.

Sitaki uahidi kitu. Ahadi za watu wanaosafiri nazijua. Nataka tu ujue kwamba nitakayoyasikia kutoka kwako nitayasikia vibaya, nitapiga kelele, pengine nitakata simu. Piga tena. Nikishamaliza kuogopa huwa nafaa, muulize hata babako.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji. Nilikunywa bilauri nzima nikijitazama kooni kwenye kioo, mjinga mimi, kwa jeraha la jana. Ndipo nikajiona vizuri. Mwanamke huyu amejiosha mara saba, amesema ni sindano ya cherehani, na ukweli anauficha kati ya leso mbili ili ujulikane yeye akiwa mbali, asiulizwe. Nimeongeza miaka arobaini na mwandiko mzuri, basi. Ni yaleyale. Jana ilikuwa siku ya kusema. Leo ni ya pili, nami nimekaa hapa natunga barua.

Kashata naye amesimama dirishani, ananitazama kwa lile sikio lake zima na lile lililochanika. Namtafuta dalili tangu asubuhi. Nimempa maji mara nne, na mara zote ameyanywa na kunirushia matone. Sijui hiyo yatosha. Sijui chochote, na watu wanaojua wako mwendo mfupi kutoka hapa. Babako akirudi kutoka kazini nitamwambia mwenyewe kuhusu kadi. Nitamwambia kama kuna wa kurudishwa alikotoka kwa kudanganya, ni mimi, na kituo hicho sidhani watanichukua. Mbwa afungwe, watu wa mifugo waje wamtazame siku zinazotakiwa. Nitamlisha mimi. Akirudishwa mara ya tatu, unajua.

Nawe utasema huendi. Nimeshaisikia sauti yako. Sindano ni za mkono wangu, mwanangu, na treni ni yako. Ukibaki kwa ajili ya hofu yangu, utakuwa wa pili kulipa kwa ajili yake, na mmoja alinitosha.

Geti limelia. Umerudi mapema, sijui ulivukaje feri. Namsikia Kashata ameshapatwa na wazimu wake wa kukupokea, na neno hilo leo silipendi hata kuliandika. Anaruka, unamwambia kaa, hakai. Unacheka. Hujui chochote, na nina nafasi kama ya pumzi mbili ya kukuacha usijue.

Barua hii haiendi kwenye begi. Nitakuita sasa hivi. Utaitika "Abee, mama" kama kawaida yako, utaingia na manyoya yake kwenye dera, na mimi nitakifungua kitambaa ulichonifunga kwa mikono yako. Sauti ikinikatika, nitakupa karatasi hizi uzisome hapahapa nikiwa nimesimama mbele yako mlangoni. Kisha kaichukue kadi kabatini, chini ya vitambaa vyeupe, twende hospitali.

Naogopa, Swabra. Nishike huu mkono mwingine.

Mamako,
Zainabu